Saponini ya muteyo na kimeng'enya cha ini: uchambuzi wa kisa kimoja cha Tabora

Kisa ninachokichambua hapa kilitokea katika maabara ndogo ya kufundishia mjini Tabora, ambako ninasimamia majaribio ya wanafunzi wa biokemia, na kilianza na grafu iliyotufurahisha sana, mimi pamoja na mwanafunzi aliyeichora. Grafu hiyo ilionyesha kwamba saponini, kemikali inayotoa povu kama sabuni, iliyotolewa kwenye gamba la mzizi wa muteyo, mti wa miombo ambao jina lake la kitaalamu ni Securidaca longipedunculata, inaongeza kasi ya kimeng'enya cha ini kinachoanza kazi ya kuvunja pombe. Kabla wiki haijaisha, habari ilikuwa imemfikia mzee wa tiba asili wa upande wa Sikonge aliyetupatia mizizi, naye akatuma ujumbe akiuliza kama sasa anaruhusiwa kuandika kwenye chupa zake kwamba dawa imepimwa maabara na imethibitika. Ninakiandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu kasi ile haikuwa ya saponini hata kidogo. Ilitokana na kiyeyushi tulichokitumia kuisafisha, na kosa la kutolibaini hilo mapema lilikuwa langu kabla ya kuwa la mwanafunzi, kwani mimi ndiye niliyeusoma mpango wa jaribio na kuupitisha.

Nianze na maneno ya mzee mwenyewe, maana tuliyabadilisha bila kujua. Alichotuambia siku ya kwanza ni kwamba mtu akitangulia kutumia unga wa mzizi huu kidogo sana kisha akanywa wanzuki, ile pombe ya asali, "halewi upesi". Mwanafunzi aliandika daftarini kwamba mzizi unaharakisha kuondoka kwa pombe mwilini. Sentensi hizo mbili zinafanana zikisikika kwa haraka, lakini mtu anaweza kuchelewa kulewa kwa sababu pombe imechelewa kuingia kwenye damu, wala si kwa sababu imewahi kutoka. Tulilichukua dai la pili, tukalijengea jaribio zima, na mzee hakuwa amelisema.

Pombe ikishaingia kwenye damu, kazi kubwa ya kuivunja hufanywa na ini kwa hatua mbili. Kwanza kimeng'enya kinachojulikana kwa kifupi kama ADH, chenye madini ya zinki katikati yake, huinyang'anya ethanoli, yaani pombe yenyewe, haidrojeni na kuigeuza kuwa asetaldehidi, na haidrojeni hiyo hupokelewa na molekuli iitwayo NAD ambayo hugeuka kuwa NADH. Kisha kimeng'enya cha pili, ALDH, ambacho aina yake iliyo muhimu zaidi hukaa ndani ya mitokondria, vile vijumba vya kuzalisha nishati ndani ya seli, huigeuza asetaldehidi kuwa asetati, kitu ambacho mwili hukimudu bila shida. Katika hatua zote mbili NADH huzaliwa, na hapo ndipo mpimaji anapopatia nafasi, kwa sababu NADH hunyonya mwanga wa nanomita 340 ilhali NAD hainyonyi mwanga huo. Mtu akiiangalia spektrofotomita, mashine ya kupima mwanga unaonyonywa, ikipandisha mstari wake kwenye nanomita 340, anakuwa anahesabu NADH inavyozaliwa. Mashine haijui NADH hiyo imezaliwa kutokana na nini, na kisa chetu chote kimo ndani ya sentensi hiyo.

Muteyo wenyewe ni mti wa kuheshimiwa. Gamba la mzizi wake likikwanguliwa kwa kisu hutoa harufu kali inayofanana kabisa na ya dawa ya kuchua misuli, na si ajabu, kwa kuwa lina methili salisilati, kemikali ileile inayotiwa kwenye dawa hizo. Unga wake hutumika kulinda nafaka ghalani dhidi ya wadudu. Pia ni sumu: mzizi ukizidi kipimo huua, na jambo hili nililirudia kwa mwanafunzi kila alipofungua mfuko, akivaa glavu na barakoa, kwa sababu unga wake ukipeperuka huwasha pua na kumfanya mtu apige chafya mfululizo. Ndani ya gamba hilo zimo saponini, ambazo ni molekuli zenye upande mmoja unaopenda mafuta na upande mwingine wenye mnyororo wa sukari unaopenda maji. Muundo huo ndio unaozifanya zitoe povu kama sabuni, zitoboe chembe nyekundu za damu, na zisumbue karibu kila hatua ya usafishaji.

Usafishaji tulioufanya ni ule wa kawaida unaofundishwa kila mahali. Gamba lilikaushwa kivulini, likatwangwa na kuchekechwa, kisha unga ukaoshwa kwa petroli etha ili kuondoa mafuta, na pamoja na mafuta iondoke ile methili salisilati, kwa kuwa salisilati zinajulikana kwa kuvizuia vimeng'enya vya kundi hili kwa kugombea nafasi ya NAD. Baada ya hapo unga uliloweshwa katika methanoli yenye maji, mchujo ukavukizwa hadi ukabaki mzito, ukayeyushwa tena kwa maji, ukamwagwa kwenye faneli ya kutenganisha pamoja na butanoli, alkoholi ya jamii moja na ethanoli, iliyokwisha kushiba maji. Saponini huhamia kwenye butanoli, na sukari nyingi pamoja na chumvi hubaki chini kwenye maji. Hatua hii ni nzuri na sina ugomvi nayo. Ugomvi unaanza pale butanoli inapotakiwa kuondoka.

Butanoli huchemka kwenye nyuzi 117 hivi za Selsiasi, kwa hiyo hata chini ya mvuto wa pampu haiondoki kwa urahisi kama methanoli. Tukaiweka kwenye mashine ya kuvukiza inayozungusha chupa ndani ya maji ya moto. Kwa muda ilikwenda vizuri, kisha saponini ikaanza tabia yake: povu jeupe lilipanda kwenye shingo ya chupa, likavuka kiungio, likaanza kuingia kwenye mrija wa kupoozea. Mwanafunzi alikata pampu, akasubiri povu lishuke, akaanza tena, likapanda tena. Alirudia hivyo karibu alasiri nzima, na umeme ukakatika mara moja katikati ya kazi. Mwishowe alichobaki nacho kilikuwa kitu cha rangi ya asali ya miombo, kizito, kinachovutika kwenye kijiko, na kwa macho kilionekana kikavu kiasi cha kutosha. Alikipima kwenye mizani, akakiyeyusha kwa maji, akakiita saponini iliyosafishwa. Nami nikakubali jina hilo bila kuinusa chupa.

Kimeng'enya tulikipata kwenye ini la mbuzi lililochukuliwa machinjioni asubuhi na mapema, likaletwa ndani ya ndoo ya barafu, likasagwa kwenye bafa baridi, yaani maji yanayotunza kiwango chake cha asidi, na kuzungushwa kwenye sentrifuji ili tubaki na maji ya juu yenye ADH. Kimeng'enya kilichosafishwa na kuuzwa na makampuni ya kemikali ni ghali na huchukua muda mrefu kufika, na ini la mbuzi ni kimeng'enya halali kabisa cha mnyama mamalia mradi mtu akumbuke kwamba lina mambo mengine mengi ndani yake. Kipimo chenyewe kilifanyika kwenye kyuveti, kile kichupa cha pande nne, chenye mililita 3 za bafa ya pH 8.8, NAD ya kutosha, na semikabazaidi ya kuikamata asetaldehidi ili mmenyuko usirudi nyuma. Ethanoli ilitiwa kwa kiwango kidogo, nusu milimoli kwa lita, kwa hoja kwamba kimeng'enya kikiwa hakijashiba ndipo msaada wa saponini utakapoonekana. Dondoo, yaani ile saponini tuliyoiyeyusha kwa maji, lilitiwa mililita 0.1.

Mstari wenye dondoo ulipanda kwa kasi kuliko mstari usio na dondoo, na kadiri dondoo lilivyoongezwa ndivyo kasi ilivyoongezeka. Kwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, na kwa msimamizi wake vilevile, ongezeko linalofuata kipimo kwa utaratibu namna hiyo huonekana kama ushahidi wa kuaminika kuliko mwingine wowote. Tulirudia mara tatu na matokeo hayakutikisika. Ndiyo, yalikuwa yanarudiwa vizuri, kwa sababu chupa ilikuwa ileile na kilichomo ndani yake kilikuwa kilekile.

Palikuwa na dalili moja iliyopaswa kutuzuia. Alipoongeza ethanoli hadi milimoli 20 kwa lita, kiasi ambacho ni karibu gramu moja kwa lita na kinalingana na damu ya mtu aliyelewa, tofauti ilitoweka kabisa na mistari miwili ikalaliana. Tuliieleza kwa njia iliyotupendeza: tukasema saponini inakisaidia kimeng'enya kuishika ethanoli ikiwa haba, na ethanoli ikiwa tele msaada hauhitajiki. Maelezo hayo yanawezekana kabisa kinadharia. Lakini kuna kitu kingine kinachotoa picha ileile bila tofauti yoyote kwenye grafu, nacho ni kuongeza alkoholi kidogo kwenye kyuveti bila kujua. Kimeng'enya chenye njaa kikiongezewa chakula huharakisha, na kilichoshiba kikiongezewa hakina pa kukiweka.

Aliyefungua macho yetu ni mhudumu wa maabara, ambaye alikuja kuosha vyombo na kuuliza ni nani aliyeacha spiriti wazi. Hakukuwa na spiriti mezani. Kulikuwa na chupa ya dondoo tu, kizibo pembeni, na nilipoisogeza puani nikaipata ile harufu nzito ya butanoli ambayo mtu akiizoea haisahau, tamu kidogo na ya kukaba koo, iliyojificha nyuma ya harufu ya mizizi. Nilimwita mwanafunzi, nikamwomba atengeneze kyuveti moja ambayo hatukuwa tumeitengeneza hata mara moja: bafa, NAD, maji ya ini, dondoo, bila tone la ethanoli. Katika mpango wetu kipimo tupu kilikuwa kile kisicho na ethanoli wala dondoo, na kilikuwa kimetulia kama maji ya mtungi. Hiki kipya hakikutulia. Mstari ulianza kupanda mara tu dondoo lilipotiwa, na ukaendelea kupanda kwa dakika zote tulizouangalia, katika kyuveti ambayo kwa maelezo ya daftari letu haikuwa na kitu chochote cha kuvunjwa.

Mwanafunzi alinyamaza, kisha akasema, "Mwalimu, kinakula nini sasa?" Lilikuwa swali lenyewe hasa, na ningependa wanafunzi wote wajiulize swali hilo mapema.

Tulilijibu kwa njia tatu. Ya kwanza ilikuwa pirazoli, ambayo huizuia ADH kwa kukaa pale ethanoli inapokaa. Tulipoitia, mstari ulilala, na hivyo tukajua kwamba anayezaa NADH ni ADH yenyewe na kwamba inavunja alkoholi fulani. Ya pili ilikuwa kutengeneza dondoo bandia: maji matupu yasiyo na mzizi yalitikiswa na butanoli, yakapitishwa hatua zilezile na kusimamishwa pale tulipoisimamisha mashine mara ya kwanza, na yale yaliyobaki yakatiwa kwenye kyuveti. Mstari ulipanda, ingawa hapakuwa na hata punje ya muteyo. Ya tatu ilikuwa hesabu, ambayo ningeweza kuifanya siku ya kwanza kwa kalamu na karatasi.

Hesabu yenyewe ni fupi. Kwa kyuveti ya upana wa sentimita moja, NADH ina kipimo cha unyonyaji cha 6,220, maana yake ni kwamba mstari ukipanda kwa 0.1 pamezaliwa mikromoli 16 tu za NADH kwa lita. Sasa tuseme dondoo limebakiwa na butanoli ya sehemu moja kwa elfu, yaani mikrolita moja katika kila mililita, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Butanoli hiyo ni takriban milimoli 11 kwa lita. Ukitia mililita 0.1 ndani ya mililita 3 unaipunguza mara thelathini, na bado kyuveti inabaki na mikromoli zaidi ya 360 kwa lita, kiasi kinachotosha kuupandisha mstari kwa 0.1 zaidi ya mara ishirini. Tukumbuke kwamba ethanoli tuliyoitia kwa makusudi ilikuwa mikromoli 500 kwa lita. Mabaki yasiyoonekana yalikaribia kulingana na kitu chenyewe tulichokuwa tunakipima. Jambo lililozidi kutudanganya ni kwamba ADH ya ini haichagui: alkoholi za mnyororo mrefu kiasi kama butanoli huzishika kwa nguvu kuliko inavyoishika ethanoli. Tungetumia ADH ya hamira, ambayo huipendelea ethanoli na kuzembea kadiri mnyororo unavyorefuka, ongezeko lingekuwa dogo zaidi, na kutofautiana huko kwa vimeng'enya viwili nako kungetuonya.

Tulianza usafishaji upya. Safari hii, baada ya butanoli kuvukizwa kadiri ilivyowezekana, mwanafunzi aliongeza maji na kuvukiza tena, akaongeza na kuvukiza, kwa kuwa butanoli na maji yakiwa pamoja huchemka chini ya kiwango cha kila kimoja peke yake na hivyo maji humtoa mwenzake. Ili povu lisipande alitumia chupa kubwa yenye dondoo kidogo, badala ya chupa ndogo iliyojaa. Kisha dondoo likapitishwa kwenye safu ya resini yenye vitundu, ambayo huishikilia saponini huku maji mengi yakipita na kuondoka na masalia ya sukari na butanoli, na saponini ikashushwa baadaye kwa methanoli. Vitabu vingi hushauri imalizwe kwa kugandishwa ndani ya etha baridi, lakini etha huchemka kwenye nyuzi 34 au 35, na mchana wa Oktoba hapa Tabora joto hukaribia sana kiwango hicho, kwa hiyo nilikataa chupa ya etha kufunguliwa katika chumba chenye dirisha moja. Tulitumia asetoni iliyopoozwa. Saponini ilidondoka kama unga wa rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo sana, ikakaushwa kwa siku kadhaa ndani ya chombo cha kufyonza unyevu hadi uzito wake ukaacha kupungua. Niliinusa mwenyewe. Haikuwa na harufu ya spiriti wala ya dawa ya kuchua.

Kyuveti isiyo na ethanoli sasa ilitulia. Ndipo tukaruhusu ile yenye ethanoli, na matokeo yakawa haya: katika viwango vidogo saponini haikuongeza wala kupunguza kasi ya ADH, na katika viwango vikubwa iliipunguza. Hapa pia nilimzuia mwanafunzi asikimbilie kuandika kwamba amepata kizuizi cha ADH. Kitu chenye tabia ya sabuni kikizidi huweza kukivuruga kimeng'enya chochote, kwa kukifunua mikunjo yake au kukizingira katika mikusanyiko midogo ya molekuli, bila kuwa na uhusiano wowote maalumu nacho. Tulitia protini ya kawaida isiyo na kazi katika mmenyuko, albumini ya damu ya ng'ombe, na kupungua kule kukapungua nako, dalili kwamba saponini ilikuwa inashikana na protini yoyote iliyo karibu. Povu dogo nalo lilileta taabu yake: kila alipochanganya kwa kugeuza kyuveti, viputo vilikaa kwenye njia ya mwanga na mstari ukarukaruka, hadi alipojifunza kuchanganya taratibu kwa kijiti cha plastiki.

Upande wa ALDH nitaupitia kwa haraka. Huko nako tulikuwa tumeona ongezeko, tukiwa tumetumia ini lililosagwa pamoja na mitokondria zake. ALDH kubwa imo ndani ya mitokondria, na NAD tunayoitia kutoka nje haipiti ovyo kwenye utando wake, kwa hiyo sehemu ya kimeng'enya inakuwa imefungiwa. Saponini hutoboa tando. Digitonini, ambayo ni saponini ya mmea wa Digitalis, hutumika maabara duniani kote kwa kazi hiyohiyo. Tulipotia Triton X-100, sabuni ya maabara, kwenye sampuli zote ili kuzifungua tando zote sawasawa, tofauti kati ya zenye saponini na zisizo nayo haikuonekana tena. Kimeng'enya hakikuwa kimeongezwa nguvu, kilikuwa kimefunguliwa mlango tu, na mlango huo ndani ya mtu aliye hai hatutaki ufunguliwe.

Liko jambo linaloniuma kuliko makosa ya kipimo. Hata kama saponini ingekuwa kweli inaiharakisha ADH, lile neno "inasaidia" tuliloliandika kwenye rasimu lisingekuwa salama. ADH ikikimbia na ALDH ikabaki nyuma, kinachojaa ni asetaldehidi, ambayo huleta moyo kwenda mbio, uso kuwaka na kichefuchefu, na ambayo inapotokana na unywaji wa pombe imewekwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu. Dawa ya disulfiramu, ambayo Jens Hald na Erik Jacobsen wa Denmark waliitangaza mwaka 1948 kwa ajili ya watu wanaotaka kuacha pombe, hufanya kazi kwa kuizuia ALDH ili mnywaji apate karaha hiyohiyo. Isitoshe, mwendo wa ini haupangwi na wingi wa ADH peke yake, bali pia na kasi ya ini kuirudisha NADH kuwa NAD, ndiyo maana mtu mzima huondoa wastani wa gramu 7 hadi 10 tu za pombe kwa saa na hakuna kahawa wala maji ya baridi yanayombadilishia mwendo huo.

Na hapa kwetu watu hawanywi wanzuki tu. Wanakunywa gongo, ambayo sheria imeikataza na bado inapikwa, na pombe ya magendo wakati mwingine huwa na methanoli. Methanoli yenyewe hulevya kwa upole. Kinachopofusha na kuua ni asidi ya fomiki inayotokana nayo baada ya ADH kuanza kuivunja. Tiba ya hospitali ni kuizuia ADH kwa fomepizoli, au kwa ethanoli ikiwa fomepizoli haipo, ili methanoli itoke mwilini bila kuguswa. Dawa ya kuiharakisha ADH, akipewa mtu aliyekunywa chupa yenye methanoli, ingekuwa inamharakishia upofu. Nilimweleza mwanafunzi haya tukiwa tumesimama kando ya mashine, na akaifuta ile sentensi kwenye rasimu kabla sijamaliza kusema.

Je, mzee alikuwa amekosea? Sidhani, na ndiyo sababu ninarudi kwenye maneno yake. Katika miaka ya 1990 Masayuki Yoshikawa na wenzake wa Kyoto, Japani, walionyesha kwa panya kwamba saponini kadhaa zikitangulia kunyweshwa huzuia ethanoli isipande kwenye damu kama ilivyo kawaida. Miongoni mwake zilikuwamo elatosidi za gamba la Aralia elata na senegini za mzizi wa Polygala senega, na kazi zilizofuata juu ya saponini za namna hiyo zilionyesha kwamba huchelewesha tumbo kumwaga vilivyomo kuelekea kwenye utumbo mwembamba, mahali ambapo pombe hufyonzwa kwa haraka zaidi. Polygala senega na muteyo ni wa familia moja ya mimea, na saponini za mimea yote miwili zina kiini kimoja kiitwacho presenegenini. Hilo halithibitishi lolote kuhusu mtu wa Sikonge na kikombe chake, lakini linaendana na "halewi upesi" kuliko lilivyowahi kuendana na grafu yetu ya ADH.

Tulikwenda Sikonge Jumamosi moja, mimi na mwanafunzi, kwa sababu niliona si adabu kumjibu mzee kwa simu. Mwanafunzi alipiga goti kidogo na kusema, "Shikamoo babu," naye akaitikia, "Marahaba mjukuu wangu, mmeniletea karatasi?" Mwanafunzi aliziweka grafu mbili kwenye mkeka, ya zamani na mpya, akamweleza kwa utulivu, bila kuficha kitu, jinsi dawa ya kusafishia ilivyobaki ndani. Mzee aliufuata mstari kwa kidole, akauliza, "Kwa hiyo kilichokuwa kinakimbia hapa ni spiriti yenu, si mzizi wangu?" Tukamjibu kwamba ndivyo. Alikaa kimya kwa muda, kisha akasema kwamba kwenye chupa hataandika kitu.

Kabla hatujaondoka nilimwomba atuonyeshe hasa namna anavyompa mtu dawa hiyo, jambo ambalo miezi yote hiyo hatukuwa tumeliuliza. Alichota unga kwa ncha ya kisu, kidogo sana, akasema zaidi ya hapo ni hatari. Kisha akaelekeza jikoni kwa mkono. "Huwa siwapi mkavu," alisema. "Ninaukoroga kwenye uji wa mtama, bakuli zima, mtu anamaliza bakuli ndipo anakwenda kunywa." Mwanafunzi aliinua macho akanitazama, akafungua daftari kwenye ukurasa mpya, na juu kabisa akaandika: uji mtupu, bila mzizi.